Shibe na Nguvu: Kuchagua Vyakula vya Wanga kwa Afya Bora

Ikifika saa nne asubuhi katika matimbo ya mawe hapa Pwani, si vigumu kumtambua mfanyakazi aliyekunywa chai ya sukari nyingi kwa mkate mweupe kabla ya kuja kazini. Mikono inaanza kutetemeka, hasira ziko karibu, na macho yanamtafuta mama wa mandazi. Akishakula mandazi mawili kwa soda hupata nguvu kwa muda wa saa moja hivi, kisha uchovu unarudi pale pale. Mwenzake aliyekula muhogo wa kuchemsha kwa mbaazi anaendelea na shoka lake hadi adhuhuri. Wote wawili walitoka nyumbani wameshiba, na wote wawili walikula wanga. Kilichotofautiana ni aina ya wanga huo na kile kilichoandamana nao.

Kwa wakaazi wa Kaunti ya Kilifi, jambo hili lina uzito kuliko uchovu wa saa nne. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto wa kaunti hii walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 18, na hakuna kaunti iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko cha Kilifi. Kudumaa kuna sababu nyingi: ukame, maji yasiyo safi, kuhara kwa mara kwa mara, umaskini, afya ya mama wakati wa ujauzito. Mojawapo ni sahani inayojaa sima kila siku na isiwe na kingine cha maana. Tumbo la mtoto limejaa, mama ameridhika kwamba mwanawe amelala ameshiba, lakini mwili haukupata cha kujengea.

Si kwamba wanga ni mbaya. Siku hizi watu wengi wameambiwa waache sima, waache wali, waache chapati, na wengine wamejaribu wakashindwa baada ya wiki moja. Hakuna haja ya kuacha. Kinachohitajika ni kuchagua.

Safari ya tonge la sima

Kabohaidreti, ambayo kwa lugha ya kawaida ni wanga na sukari, ndiyo kuni za mwili. Gramu moja hutoa kalori nne hivi. Sima, wali, muhogo, viazi, chapati na hata ndizi zikifika tumboni na kwenye utumbo huvunjwavunjwa hadi kuwa sukari ndogo iitwayo glukosi, ambayo huingia kwenye damu. Ubongo hutegemea glukosi karibu wakati wote. Peke yake hutumia takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia. Misuli nayo huichoma wakati wa kazi. Inayobaki huwekwa akiba katika ini na misuli, na akiba hiyo ikijaa, ziada hugeuzwa kuwa mafuta.

Ili glukosi itoke kwenye damu na kuingia katika seli, kongosho hutoa homoni ya insulini. Sukari ikiingia damuni polepole, insulini nayo hutoka kwa kiasi, na mtu hubaki na nguvu kwa saa kadhaa. Ikimiminika kwa wingi na kwa mara moja, insulini hutoka kwa wingi vilevile, na kwa baadhi ya watu sukari hushuka upesi kiasi cha kuleta njaa, uchovu na kutetemeka. Mtu anayeishi hivyo kwa miaka mingi, hasa akiwa na uzito mkubwa na kazi ya kukaa, hujiongezea uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili.

Ni nini basi kinachoamua kama sukari itaingia polepole au kwa pupa? Kubwa zaidi ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo utumbo hauwezi kuivunja. Hupunguza kasi ya usagaji wa chakula, humfanya mtu akae ameshiba kwa muda mrefu, na husaidia choo kupita vizuri. La pili ni jinsi chakula kilivyosagwa na kupikwa: punje nzima ya mahindi katika githeri au pure huchukua muda mrefu kuvunjwa kuliko unga laini wa mahindi hayo hayo. La tatu ni kitoweo. Sima inayoliwa kwa kunde, samaki na mchicha haiendi damuni kwa kasi ya sima iliyoliwa kwa mchuzi mtupu.

Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kuhusu wanga. Lilishauri kwamba wanga wa kila siku utokane hasa na nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na vyakula vya jamii ya kunde, na kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Viazi na muhogo, ingawa hutoka shambani pamoja na mboga, havihesabiwi katika gramu hizo 400. Vinahesabiwa upande wa sima.

"Tukoboe?"

Mama anapofikisha debe lake kisiagini, swali analoulizwa na kijana wa mashine ni hilo. Jibu lake huamua chakula cha nyumba nzima kwa wiki mbili au zaidi.

Punje ya mahindi ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo ndilo lenye sehemu kubwa ya nyuzinyuzi. Katika ncha kuna kiini, ambacho kina mafuta, protini, vitamini na madini. Ndicho kinachoota mahindi yakipandwa. Kilichobaki, ambacho ndicho kingi, ni wanga mweupe. Mahindi yakikobolewa, ganda na sehemu kubwa ya kiini huenda kwenye gunia la pumba, na mteja hurudi nyumbani na wanga mweupe. Pumba hulishwa kuku na mbuzi. Katika boma kama hilo, kuku hula sehemu yenye vitamini na watoto wa nyumba hula iliyobaki.

Kuna na hesabu ya mfuko. Gorogoro nne za mahindi zikikobolewa, unga unaorudi nyumbani hupungua kwa kiasi cha pumba zilizoachwa, na kukoboa kwenyewe hulipiwa. Mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa hutoa unga mwingi kwa gharama ndogo, na sima yake hushibisha mapema, kwa hiyo unga huchukua siku nyingi zaidi. Wengi huukataa kwa sababu ya rangi. Sima nyeupe imekuwa ya wageni na ya harusi, na ile isiyokobolewa imekuwa ya shida. Ladha nayo ina nguvu zake: aliyezoea sima laini hawezi kulazimishwa kwa siku moja. Familia nyingi zimefaulu kwa kuchanganya, nusu unga uliokobolewa na nusu usiokobolewa, kisha kuongeza kidogo kidogo. Maji ya kusongea huhitaji kuongezwa kiasi, kwa maana unga wenye pumba hunywa maji zaidi, na sima hutaka muda zaidi juu ya moto.

Wanaonunua unga wa pakiti wana jambo jingine la kuangalia. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezewe vitamini na madini, yakiwemo madini ya chuma, zinki, vitamini A na asidi ya foliki. Pakiti inayofuata sheria huwa na alama ya urutubishaji. Hilo ni jambo jema, hasa kwa wanawake wajawazito na watoto. Hata hivyo, kinachorudishwa ni vitamini na madini; nyuzinyuzi zilizoondolewa hazirudi. Anayetumia unga huo mweupe anahitaji kuzitafuta kwingine, katika kunde, mboga na matunda.

Tahadhari moja ni lazima itajwe, kwa sababu bila hiyo ushauri wa kutokoboa unaweza kuleta madhara. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo hukaa zaidi katika ganda na kiini, yaani sehemu zile zile ambazo hazitupwi mahindi yasipokobolewa. Mwaka wa 2004 aflatoksini iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, wengi wao katika Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi ya kusagwa mazima yanapaswa kuwa yamekauka vizuri na yamechaguliwa: punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, na wala zisipewe mifugo.

Kiwango cha unyevu kinachokubalika nchini kwa mahindi ya kuhifadhiwa ni asilimia 13.5. Ambaye hana kipimo anaweza kutumia chumvi. Huchukua chupa kavu ya kioo, akatia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, akafunika na kutikisa kwa dakika chache, kisha akaacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Yaanikwe juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwa maana mbegu za ukungu huishi udongoni.

Muhogo, mtama na jamaa zao

Katika maeneo makavu ya Ganze na Magarini, mvua ikikosekana mahindi ndiyo ya kwanza kufa. Muhogo na mtama husimama. Bado kuna watu wanaoona haya kumwandalia mgeni muhogo, ilhali mgeni huyo huyo akifika mjini huununua wa kukaanga kwa pilipili na ndimu.

Muhogo ni wanga karibu mtupu. Gramu 100 za muhogo mbichi huwa na kalori 160 hivi na protini isiyozidi gramu mbili, kiasi ambacho ni kidogo sana. Unatia nguvu, lakini hauwezi kumjenga mtu. Ndiyo maana wazee waliula kwa mbaazi, kwa kunde au kwa samaki. Hawakuwa na darasa la lishe, lakini sahani yao ilikuwa kamili. Muhogo wa kuchemsha kwa mbaazi za nazi ni kifungua kinywa ambacho mfanyakazi wa timbo, wa shamba la katani au wa kiwanda cha chumvi hawezi kukijutia.

Muhogo una sumu ya asili, nyingi katika aina chungu na kidogo katika aina tamu, na ganda lina zaidi kuliko nyama ya ndani. Umenywe vizuri, ukatwe vipande, uchemshwe kwa maji mengi bila kufunika sufuria, na maji hayo yamwagwe. Muhogo mchungu haufai kuchemshwa tu na kuliwa; hulowekwa kwa siku kadhaa na kukaushwa juani kuwa makopa kabla ya kusagwa. Kisamvu nacho hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Tabia ya watoto ya kutafuna muhogo mbichi shambani, na zaidi wakati wa njaa, si ya kuachiwa.

Mtama unakaribiana na mahindi kwa nguvu na protini, na kwa kawaida husagwa na ganda lake. Wimbi lina sifa ya pekee: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini ya mifupa na meno, kiasi ambacho nafaka nyingine hazikikaribii. Uji wa wimbi kwa mama anayenyonyesha ni desturi ya zamani yenye msingi. Viazi vitamu pia ni wanga mzuri, hasa vikichemshwa na ganda lake. Vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa hutoa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili, na majani yake, matembele, ni mboga.

Mbaazi, kunde, pojo na maharagwe huwekwa na watu upande wa kitoweo, na ni sawa, lakini navyo vina wanga wake ndani, ule unaoingia damuni polepole kuliko wote. Ndivyo vinavyoifanya sahani ya mtu maskini iwe bora kuliko ya mwenye pesa aliyezoea chipsi.

Mahamri, chai na chupa baridi

Mahamri kwa mbaazi hayawezi kuondolewa katika asubuhi ya Pwani, na hakuna aliyeomba yaondolewe. Ila inafaa ijulikane nani anafanya kazi gani katika sahani hiyo. Mahamri ni unga mweupe wa ngano, sukari na tui, yaliyozamishwa katika mafuta. Mbaazi ndizo zenye nyuzinyuzi na protini. Mahamri mawili na bakuli la mbaazi ni mlo. Mahamri matano na vijiko viwili vya mbaazi ni kitu kingine. Kukaanga kwenyewe huongeza kalori nyingi, kwa maana gramu moja ya mafuta hutoa kalori tisa, zaidi ya mara mbili ya wanga. Viazi karai na chipsi za jioni viko katika hesabu hiyo hiyo.

Panapopotea hesabu zaidi ni kwenye vinywaji. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu nne hivi. Anayeweka vijiko vinne katika kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku amekunywa karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima anayetumia kalori 2,000 kwa siku asipitishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana abaki chini ya gramu 25. Soda nyingi huwa na gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ya nusu lita humaliza kiwango chote cha siku kabla chai haijahesabiwa. Sukari ya aina hii haina nyuzinyuzi, haina vitamini, na kwa kuwa inanywewa, haishibishi.

Waendeshaji wa bodaboda na madereva wa malori katika barabara ya Mombasa hadi Malindi hununua vile vinywaji vya kopo vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu. Nguvu iliyomo ni sukari na kafeini. Kafeini huficha usingizi, haiuondoi, na dereva aliyekesha hubaki ni dereva aliyekesha. Ndizi mbili, konzi ya njugu karanga na maji humfikisha mbali zaidi kwa gharama isiyozidi ya kopo, na mapumziko ya nusu saa hayana mbadala.

Maji ya matunda nayo yasichukuliwe kuwa sawa na tunda. Msimu wa maembe unapofika, ngowe na boribo zinaoza chini ya miti huku watoto wakinunua maji yenye rangi na ladha ya embe. Embe zima lina sukari, lakini imefungwa pamoja na nyuzinyuzi na vitamini. Likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye kichujio.

Chai ina jambo moja zaidi: huzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye mboga na kunde. Ni bora inywewe saa moja baada ya chakula kuliko pamoja nacho, na kwa wajawazito hili ni la kuzingatiwa hasa.

Kiasi gani kinatosha

Sima isiyokobolewa ikiliwa kama mlima bado ni mlima. Kwa mtu mzima ambaye kazi yake ni ya dukani au ofisini, sahani nzuri ni ile ambayo nusu yake ni mboga na matunda, robo ni wanga, na robo iliyobaki ni samaki, kunde, mayai au nyama. Sima yake isizidi ukubwa wa ngumi yake. Mkata mawe, mvuvi anayevuta nyavu na mkulima anayelima kwa jembe wanachoma nguvu nyingi zaidi na wanahitaji wanga zaidi. Kuwapimia kwa ngumi ni kuwaonea. Tatizo ni kwamba wengi walioacha jembe na kupata kazi ya kukaa waliendelea na sahani ya jembe.

Kiporo nacho kina nafasi yake. Wanga uliopikwa ukapoa hugeuka kwa sehemu kuwa wanga mgumu ambao mwili huuvunja polepole, kwa hiyo sima au muhogo uliolala si chakula cha kudharauliwa. Wali ni tofauti: ukiachwa usiku kucha katika joto la Pwani, vijidudu huzaa humo sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Unaobaki uliwe mapema au uwekwe kwenye friji mara tu unapopoa.

Wakati wa Ramadhani, daku ndiyo mahali pa kutumia elimu hii. Anayekula daku ya chai na mkate mweupe hufikwa na njaa kabla ya adhuhuri. Viazi vitamu, uji wa mtama au sima isiyokobolewa, pamoja na mbaazi au mayai, hubaki tumboni kwa muda mrefu. Jioni, tende chache na maji hutosha kufungulia, na kaimati zikija, zije chache na baada ya chakula. Mwenye kisukari azungumze na mhudumu wake wa afya kabla ya mwezi kuandama, hasa kama anatumia dawa au sindano ya insulini, kwa sababu kufunga bila kupanga upya dawa kunaweza kushusha sukari kwa kiwango cha hatari.

Uji wa mtoto

Mtoto hupewa maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Baada ya hapo uji huanza, na hapo ndipo kudumaa huanza kwa wengi. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo mno. Uji mwepesi wa mahindi au wa muhogo hulijaza kwa maji, analala, na wote nyumbani wanaamini amekula. Uji unapaswa kuwa mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko kikiinamishwa. Uongezewe kitu chenye mafuta na protini: maziwa, tui la nazi, njugu zilizosagwa. Akishazoea, apewe sima au viazi vilivyopondwa pamoja na yai, samaki asiye na miiba, kunde zilizopondwa na mboga za majani.

Unga wa uji wenye nafaka saba, maharagwe, soya na omena pamoja umeenea sana madukani na kwa wauzaji wa mitaani, na wazazi huununua kwa nia njema. Maafisa wa lishe hawaupendekezi. Maharagwe yanahitaji muda mrefu motoni, na uji unaotokota kwa dakika kumi na tano hauyaivishi; matokeo yake ni tumbo kuuma na kuhara. Nafaka moja au mbili zinatosha katika uji. Omena na maharagwe vipikwe peke yake na kupondwa kwenye mlo mwingine.

Kupima sukari na uzito

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu. Kisukari cha aina ya pili kinaweza kukaa miaka bila dalili. Zinapokuja, huwa ni kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, kupungua uzito bila sababu, kuona ukungu na vidonda visivyopona. Hapo wengine hukimbilia mganga, na muda unapotea.

Kipimo ni tone la damu kidoleni. Kikifanywa asubuhi kabla ya kula chochote, matokeo yaliyo chini ya 6.1 ni ya kawaida, yaliyofika 7.0 au zaidi yanahitaji kurudiwa na kuthibitishwa kituoni. Aliye katikati ya namba hizo bado ana nafasi ya kubadili sahani yake, kupunguza uzito na kutembea zaidi, na wengi huweza kuzuia ugonjwa kwa njia hiyo. Aliyekwisha kuambiwa ana kisukari hatakiwi kuacha wanga kabisa, na anayetumia insulini hatakiwi kamwe kuruka mlo. Anahitaji wanga wa kiasi kile kile kila mlo, usiokobolewa, na usio wa kunywa.

Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba wamepewa mikoba yenye kipimo cha sukari, kipimo cha shinikizo la damu, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Mkaazi anaweza kumwuliza mhudumu wa kijiji chake siku atakayopita, au kwenda zahanati iliyo karibu asubuhi na mapema kabla ya kunywa chai. Mtoto aliye chini ya miaka mitano apelekwe na kitabu chake cha kliniki, ili urefu wake upimwe pamoja na uzito. Uzito peke yake hauonyeshi kudumaa.